Binti yangu aliandika “Sina” katika daftari la shukrani

Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka Donholm. Safu yako huisoma asubuhi kwenye matatu nikienda kazini Industrial Area, na sikuwahi kufikiri ipo siku nami nitakuandikia. Tafadhali usitaje jina langu, maana kanisani ninajulikana.

Nina miaka 46. Mke wangu aliaga dunia miezi 14 iliyopita kwa saratani ya matiti, baada ya kuugua miezi 11. Tulifanya harambee mara mbili, tukauza kipande cha shamba, na bado tarehe yake ya kuchomwa mionzi ilisukumwa mbele mara mbili kwa sababu mashine ilikuwa imeharibika. Tulimzika nyumbani, Machakos. Siku hiyo mtu alinishika mkono akaniambia, “Mungu alimpenda zaidi.” Nikasema amina. Hadi leo sijui kwa nini nilisema amina.

Mke wangu alikuwa mtu wa Neno. Miaka sita iliyopita alianzisha desturi hapa nyumbani: tukimaliza chakula cha jioni, kabla ya vyombo kuoshwa, tunasoma zaburi moja kwa sauti, halafu kila mtu anaandika katika daftari kitu kimoja anachomshukuru Mungu siku hiyo. Sheria yake ilikuwa moja tu, kwamba hairuhusiwi kurudia cha jana. Ni yale madaftari ya shule ya kurasa 96, na sasa tuko kwenye la tano. Hata alipokuwa kalamu inamtoka mkononi, aliandika. Mstari wake wa mwisho, siku nne kabla ya kurudishwa hospitalini, ni huu: “Leo nimekunywa uji na umekaa.”

Baada ya mazishi niliendeleza desturi hiyo. Niliona nikiiacha nitakuwa nimemzika mara ya pili. Tumebaki mimi, binti yetu wa miaka 13 aliye Gredi ya 8, na kaka yake wa miaka 8. Mimi huandika “Asante kwa uzima.” Nikipekua kurasa nyuma, ni hivyo karibu kila siku. Sijalia tangu mazishi. Nikiwa peke yangu nikijaribu, hakuna kinachokuja.

Wiki tatu zilizopita kijana aliandika “Asante kwa chapati”, nami nikaandika yangu, nikampa binti yangu daftari. Aliliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaandika neno moja: “Sina.” Nikamwambia kwa upole, au nilidhani ni kwa upole, “Mama hangependa hivyo. Tafuta hata kitu kidogo.” Akafunika kalamu, akafunga daftari, akaenda kuosha vyombo. Tangu hapo anaketi nasi, anasoma zamu yake vizuri, lakini daftari likimfikia analisukuma kwa kaka yake bila kuandika. Hanikosei adabu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha. Naona kama anapoteza imani, na mama yake hayupo wa kumrudisha.

Kuna jingine. Mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda Jumapili ya shukrani, wiki tatu kutoka sasa. Anataka niwaeleze washirika jinsi shukrani za kila siku zilivyotuvusha. Jina langu tayari liko kwenye ratiba ya ibada. Mimi ni mzee wa kanisa, Mama. Nimekaa kwenye matanga mengi nikiwaambia watu “shukuruni kwa kila jambo”. Sasa nitasimama niseme nini?

Na jambo dogo ambalo sijui kama lina maana. Kuna zaburi moja, ya 88, huwa nairuka. Tulipoifikia mara ya kwanza baada ya mazishi niliipitisha macho kabla ya kuisoma, nikaona haifai watoto, kwa sababu inaisha vibaya. Nimeiruka mara tatu sasa. Mara hii binti yangu aliniuliza, “Baba, mbona tumetoka themanini na saba tukaingia themanini na tisa?” Nikamwambia kurasa zilikuwa zimeshikana. Jana usiku tulisoma ya 109.

Niendelee na daftari au niliache? Nimlazimishe mtoto? Huo ushuhuda niukatae?

Baba wa watoto wawili, Donholm

* * *

Ndugu yangu,

Pole. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Hilo ndilo jema walilomtendea. Mambo yaliharibika walipofungua vinywa. Mimi siwezi kuketi nawe siku saba, lakini barua yako ililala mezani pangu siku mbili kabla sijathubutu kushika kalamu.

Umeniuliza maswali matatu: daftari, mtoto, ushuhuda. Kadiri nilivyoirudia barua, ndivyo nilivyoona yote yanatoka kwenye swali moja ambalo hukuliandika: je, mtu anaweza kwenda mbele za Mungu mikono mitupu na bado akapokelewa?

Niruhusu nianze na hilo unaloliita jambo dogo. Unasema jana mlisoma zaburi ya 109. Nilirudi nyuma nikihesabu jioni moja moja. Kama hamkukosa siku, jioni mliyotoka ya 87 mkaingia ya 89 ilikuwa wiki tatu zilizopita. “Sina” nayo iliandikwa wiki tatu zilizopita. Huenda zimekutana tu. Wewe ndiwe uliyekuwa mezani, si mimi. Lakini katika barua umeyaweka mambo haya mawili mbalimbali kama wageni wasiojuana, nami nakuomba uyaketishe pamoja. Msichana wa miaka 13 anayejua kuhesabu hawezi kuambiwa kurasa zimeshikana akaishia hapo. Pengine aliifungua mwenyewe chumbani. Kama aliifungua, alikutana na mtu anayesema, “Mchana na usiku nimelia mbele zako,” na ambaye maneno yake ya mwisho kabisa ni haya: “Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani.” Halafu akarudi mezani, akaletewa daftari.

Ni kweli inaisha vibaya. Zaburi za kilio ni kama thuluthi moja ya kitabu kizima, na nyingi kati yake hugeuka zikifika mwishoni. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu “hata lini utanisahau”, na kwa mistari sita tu imeshafika kwenye wimbo. Ya 88 haigeuki. Inaingia gizani na mistari yake yote 18 ikabaki humo, ila ile sentensi ya kwanza inayomwita Bwana “Mungu wa wokovu wangu”. Waliozikusanya zaburi wangeweza kuiacha nje, au kuiongezea mstari mmoja wa matumaini mwishoni ili isimtishe mtu. Waliiacha vile ilivyo. Kichwa chake kinasema ni wimbo, zaburi ya wana wa Kora, na hao walikuwa waimbaji wa ibada. Kwa hiyo kilio kile kiliimbwa na watu waliosimama pamoja mbele za Mungu. Nakuuliza bila kukulaumu: ulipoiruka mara tatu, ulikuwa unamkinga nani?

Sasa ule mstari wa matangani. Katika 1 Wathesalonike 5:18 Biblia yetu inasema “shukuruni kwa kila jambo”, na hilo “kwa” katika Kiswahili limebeba mizigo mingi. Nikisema nakushukuru kwa chakula, ni kwa ajili ya chakula. Nikisema tuliishi kwa shida, sisifu shida, nataja hali tuliyokuwamo. Kigiriki alichoandika Paulo pale ni “katika” kila jambo. Sitakuficha kwamba Waefeso 5:20 inasema kumshukuru Mungu “kwa mambo yote”, na huko Kigiriki kinasogea karibu na “kwa ajili ya”. Wapo Wakristo wacha Mungu wanaoshukuru hata kwa msiba wenyewe, na sitasimama mbele yako kuwaambia wamekosea. Ila Paulo huyohuyo, mtenda kazi mwenzake Epafrodito alipougua akakaribia kufa kisha akapona, aliwaandikia Wafilipi kwamba Mungu alimhurumia mgonjwa na kumhurumia Paulo pia, “nisiwe na huzuni juu ya huzuni”. Na huo ndio waraka tunaouita wa furaha. Alijua kabisa kwamba kifo kile kingemuumiza, akaliandika wazi, watu wakalisoma kanisani.

Lakini aliyenifundisha zaidi katika barua yako ni mkeo. “Leo nimekunywa uji na umekaa.” Asiyewahi kuuguza ataona ni shukrani ya kikombe cha uji. Wewe uliyeshika beseni unaujua kila uji ambao haukukaa. Ugonjwa wote umo katika neno hilo, “umekaa”, na bado mstari ni wa shukrani, na hakuna mahali mama huyu alipodanganya. Hakusema amepona, wala hakusema anaendelea vizuri. Alishukuru kwa kipimo kilekile alichopimiwa siku ile. Nadhani hata sheria yake ya kutorudia cha jana ilikuwa na kazi hiyo, ya kumlazimu mtu aitazame siku yenyewe kabla ya kuandika.

“Asante kwa uzima” ni maneno mema, nami huyasema. Lakini mtu anaweza kuyaandika bila kuitazama siku hata kidogo. Naelewa ni kwa nini. Ukiwa na watoto wawili wa kulisha na kuvalisha, na Jumatatu kazi inakungoja, kuitazama siku isiyo na mama yao kungeweza kukuangusha chini. Hayo maneno matatu yalikushika usianguke. Swali langu ni kama bado yanakushika, au siku hizi unayaandika ili daftari lifungwe upesi.

Desturi njema hufikia hapo, si kwako peke yako. Mwaka 1842 mchungaji wa Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, aliwatungia washirika wake wa Dundee ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Watu wanaifuata hadi leo, labda hata kwenu wapo. Pamoja na ratiba hiyo aliwaandikia hatari zake, na mojawapo ni kwamba kwa wengine ingekuwa nira nzito mno kubebwa. Alikuwa anaipenda ratiba yake, na bado aliwaonya.

Turudi kwa binti. Unaogopa anapoteza imani. Inawezekana, na siwezi kukuahidi lisilo mikononi mwangu. Ila hebu mtazame tena. Kwa mtoto anayetaka tu kuondoka mezani kuna njia rahisi sana: aandike “asante kwa chakula” na aende zake. Yeye, umesema mwenyewe, aliliangalia daftari muda mrefu ndipo akaandika. Mama yake aliwafundisha kwamba daftari hilo huandikwa mbele za Mungu. Je, una hakika neno lile lilikuwa jibu kwako? Na ile “Mama hangependa hivyo” uliyomwambia, najua ilikutoka kwa sababu ulishtuka. Lakini ni vigumu sana kwa mtoto kubishana na mama aliye kaburini.

Ukimlazimisha, ataandika, maana ana adabu. Hofu yangu ni kwamba atazoea kumwambia Mungu maneno yasiyo yake, na anayelizoea hilo akiwa na miaka 13 huchukua miaka mingi kuliacha. Ukilifunga daftari kabisa, huenda nyote mtapumua. Lakini kijana naye ana chapati zake humo, na pengine anasikia sauti ya mama yake kila likifunguliwa. Likifungwa, anaweza kuamini kwamba dada yake ndiye aliyelivunja, na dada naye akaamini hivyohivyo. Wako waliojaribu kuliacha daftari lipokee yote: anayeshukuru ashukuru, anayelia aandike kilio, asiye na neno apitishe asiulizwe. Hilo nalo lina bei yake. Siku moja utasoma humo jambo ambalo hukujiandaa kulisoma, labda hasira juu ya hospitali, au juu ya Mungu, au juu yako. Ukimkemea siku hiyo, mlango utafungwa kuliko ulivyofungwa sasa. Jipime kwanza kama utaweza kusoma na kunyamaza.

Na kabla ya hayo yote kuna zile kurasa zilizoshikana. Ni uongo wa huruma, na sijui mzazi ambaye hajawahi kusema wa namna hiyo. Ila yeye anajua kwamba hazikushikana. “Niliiruka kwa sababu niliogopa” ni maneno manne tu, na kwa baba ambaye ni mzee wa kanisa ni mazito kama gunia. Kama utaona ni vyema kumwambia, usimwite sebuleni kama mshtakiwa. Amekwenda kuosha vyombo. Chukua kitambaa ukaushe, simama kando yake. Watoto wa umri huo huongea mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye sinki. Asipoongea, vyombo vitakuwa vimekauka, na kesho kuna vingine.

Yapo mambo ambayo daftari haliwezi kuyabeba. Akikosa usingizi siku nyingi, akiacha kula, akijitenga na marafiki wote, au akitamka kwamba afadhali asingekuwepo, usingoje hata siku moja: mpeleke kwa daktari, na mwalimu mshauri shuleni ajue. Ukijiona wewe katika dalili hizo, nenda vilevile.

Umesema hujalia. Waliouguza muda mrefu mara nyingi walishalia mgonjwa akiwa hai, jikoni, usiku, bila mtu kuwaona, na mazishi yakawakuta wakavu. Usiyafanye machozi kuwa kipimo cha ulivyompenda. Mimi katika barua yako nimesikia hasira zaidi ya machozi: ile mashine, ile tarehe iliyosukumwa mara mbili, yule mtu aliyekushika mkono. Hukuniuliza lolote kuhusu hasira hiyo, umeitaja ukapita. Je, umepata popote pa kuirudisha ile amina?

Kuna kitabu cha Maombolezo. Wengi wetu tunajua mstari wake mmoja, ule wa rehema za Bwana kuwa mpya kila siku asubuhi. Uko katikati ya sura ya 3, na umezungukwa na kilio mbele na nyuma. Sura nne za kwanza kati ya tano zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, moja baada ya nyingine, kana kwamba mwandishi aliona kilio chake hakina mwisho akakitafutia mpangilio, kila herufi ipate zamu yake ya kulia. Na mwisho wa kitabu si ule mstari wa asubuhi. Ni mtu anayemuuliza Mungu kama amewakataa kabisa. Nilipokuwa nikikisoma baada ya kumzika ndugu yangu, nilikuwa napitisha siku nyingi kwenye sura moja. Sikuwa na haraka ya kufika kwenye rehema. Zilikuwa pale sura ya 3, hazikuwa zinakwenda popote.

Tumalizie na ushuhuda. Ukikataa, watu watauliza kwa nini jina lilikuwa kwenye ratiba na hukusimama, na maswali hayo yatakuchosha kwa muda. Ukitoa ule unaotarajiwa, kanisa litaitikia kwa furaha, Mungu ni mwema, kila wakati. Binti yako atakuwa ameketi palepale akikusikiliza, na yeye na kaka yake ndio peke yao katika umati ule wanaojua kurasa za daftari zinasema nini. Ukisema yote yaliyo moyoni, wapo watakaolia pamoja nawe kama Warumi 12:15 inavyotuagiza, na wapo watakaokuja kukuwekea mikono kana kwamba umerudi nyuma. Kwa mzee wa kanisa hilo si jambo dogo, na sitajifanya halina uzito. Pia lile “Sina” ni lake. Hata ukiamua kusema ukweli wako wote, huo wa kwake usiupeleke madhabahuni bila yeye kukuruhusu.

Mtembelee mchungaji katikati ya wiki, si Jumapili kwenye mlango wa kanisa. Mara nyingi wanaoomba ushuhuda huamini wanamsaidia mfiwa, na hawajapata kuambiwa vinginevyo. Mwambie hata nusu ya ulichoniandikia mimi, uone atakavyopokea. Nimewaza pia kwamba mtu anaweza kusimama, akasoma mstari mmoja wa uji, akaketi. Lakini huo ni mstari wa nyumbani kwenu, na kama utatoka nje, mkubaliane nyote watatu.

Mkiendelea na zaburi moja kila jioni, ya 88 mtaifikia tena baada ya miezi minne na siku chache. Labda utaisoma wewe. Labda itaangukia zamu ya binti yako. Labda utairuka tena, na safari hiyo umwambie sababu. Niandikie, hata kama ni mistari miwili. Na unijulishe kijana anaandika nini siku hizi, kama bado ni chapati.